Nenosiri limebadilishwa, Remote Desktop imekuwa nzito: pa kuanzia

Jumatatu moja, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, alinipigia mama mhasibu wa tawi letu la Mwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Naomba unisaidie, niko ofisini tangu saa mbili, hii kitu imeandika Welcome inazunguka tu. Ijumaa ilikuwa inafunguka vizuri."

"Ijumaa ulibadilisha nenosiri?"

"Nilibadilisha jioni wakati natoka. Ilikuwa inanikumbusha kila siku."

Hapo nikajua pa kuanzia, na hapakuwa kwenye intaneti.

Mimi ni mtu wa IT katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi kuu iko Dar es Salaam, matawi yako Mwanza na Tunduma, mpakani na Zambia. Seva ya uhasibu iko Dar, na watu wa matawini wanaingia kwa Remote Desktop (kuitumia seva ya mbali kana kwamba uko mbele yake) kupitia VPN, ile njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Mama yule asipoingia, ankara hazitoki. Ankara zisipotoka, kuna dereva Tunduma atalala kwenye foleni usiku mwingine. Ndiyo maana nimelisumbukia jambo hili mpaka nikalielewa, na hapa naandika yale niliyoyaona yakifanya kazi.

Usimbadilishie nenosiri tena

Najua mkono unavyowasha kufungua Active Directory (daftari la Windows la akaunti zote za kampuni), kubofya Reset Password na kumsomea mtu nenosiri jipya kwa simu. Nilifanya hivyo kwa miaka, na mara nyingi nilikuwa nazidisha tatizo. Sababu ni mbili.

Ya kwanza. Kama sera yako inatunza historia ya manenosiri, Active Directory ina uvumilivu ambao wengi hatuufahamu. Ikiletewa nenosiri lisilo sahihi, hulilinganisha kwanza na mawili yaliyotangulia lile la sasa. Likifanana na mojawapo, mlango haufunguliwi, lakini ile hesabu ya makosa inayofunga akaunti haipandi. Kwa hiyo programu iliyosahaulika mahali fulani inaweza kubisha hodi mara mia kwa nenosiri la wiki iliyopita na akaunti isifungwe. Mtumiaji ataona uzito tu. Sasa wewe mbadilishie leo, kesho umbadilishie tena: lile la zamani linasukumwa nje ya hayo mawili, na kuanzia hapo kila hodi inahesabiwa. Akaunti itafungwa, utaifungua, itafungwa tena baada ya dakika chache. Asubuhi ulikuwa na mtu anayeingia polepole, jioni una mtu asiyeingia kabisa.

Ya pili. Windows hufunga siri za mtumiaji, yakiwemo manenosiri aliyoyahifadhi, kwa ufunguo unaotokana na nenosiri lake. Akibadilisha mwenyewe kwa Ctrl+Alt+Del (ukiwa ndani ya Remote Desktop ni Ctrl+Alt+End), mashine aliyopo inakuwa na la zamani na jipya kwa wakati mmoja, kwa hiyo inazifungua siri na kuzifunga upya papo hapo. Ukimbadilishia wewe kutoka ofisini kwako, mashine yake haijui lolote. Atakapoingia italazimika kwenda kwa seva ya domeini (ile inayotunza Active Directory; domeini ni mashine na akaunti zote zilizo chini yake) kuomba ufunguo wa akiba, na seva hiyo lazima iwe ya kuandikika. Ile ya kusoma tu haiwezi kusaidia. Kama iko ng'ambo ya laini mbovu, mtu wako anasubiri, na Outlook inaanza kumuuliza nenosiri kila dakika.

Muulize imekwama wapi

"Ni nzito" haitoshi. Mwambie asome kilichoandikwa kwenye skrini neno kwa neno, wewe anzisha saa ya simu.

Ikikwama kwenye Securing remote connection, kabla hata hajaona skrini ya seva, kazi iko kati ya laptop yake na kuthibitishwa kwake. Ikikwama kwenye Welcome, au kwenye maneno ya User Profile Service au Group Policy (sera ambazo domeini humwekea kila mtumiaji), nenosiri limeshakubaliwa na mzigo uko ndani ya seva. Ikifika hadi kwenye desktop halafu kila programu inaganda, hilo pia ni la ndani, na mara nyingi ni draivu za mtandao, yaani folda za seva nyingine zinazoonekana kama diski.

Kisha fanya jaribio la kubadilishana viti. Mwenzake ambaye hajabadilisha nenosiri aingie kwa akaunti yake mwenyewe kwenye laptop ya huyu mwenye tatizo, na mwenye tatizo aingie kwenye laptop ya mwenzake. Uzito ukibaki kwenye laptop, tafuta kwenye laptop. Uzito ukimfuata mtu, tafuta kwenye akaunti yake au profaili yake iliyoko kwenye seva. Jaribio hili linachukua dakika tano, na limeniokoa na mabishano mengi na kampuni ya intaneti. Mama mhasibu alihamia meza ya karani. Karani akaingia bila shida kwenye laptop ya mama, mama akakwama vilevile kwenye laptop ya karani. Basi nikaiacha laini ya Mwanza.

Kuna jambo linalowapotosha watu hapa, nalo ni muda. Nenosiri la zamani haliachi kukubaliwa dakika ileile. Kwa uthibitisho wa NTLM (njia ya zamani ya Windows ya kumtambua mtu) kupitia mtandao, kama vile kufungua folda iliyoko kwenye seva nyingine, seva ya domeini huendelea kulikubali kwa dakika 60 isipokuwa kama mtu amebadilisha mpangilio huo. Mtu anabadilisha saa kumi na moja jioni, anafungua mafaili yake yote bila shida, anafunga ofisi. Asubuhi anakuta mambo mengine, na anaapa kwamba hakugusa kitu. Anasema kweli. Usimwone mzembe.

Upande wa laptop

Hata kama jaribio limekuonyesha tatizo liko kwenye seva, pita hapa kwanza kwa sababu ni haraka. Fungua Command Prompt kwa akaunti ya mtumiaji mwenyewe, si ya msimamizi, andika:

cmdkey /list

Ukiona mstari unaoanza na TERMSRV/ ukifuatiwa na jina la seva yako, hilo ndilo nenosiri ambalo Remote Desktop ilihifadhi siku mtu aliyoweka alama kwenye Remember me. Lifute:

cmdkey /delete:TERMSRV/jina-la-seva

Wengine wana mistari miwili, mmoja wa jina na mwingine wa namba ya IP. Futa yote miwili, kisha mfundishe aingie kwa jina. Ukiandika namba ya IP, Windows kwa kawaida huiacha Kerberos, njia mpya zaidi inayomtambua mtu kwa tiketi za muda, na kuangukia NTLM.

Halafu lile la laptop yenyewe. Kama laptop iko kwenye domeini lakini mtu yuko nyumbani au tawini, na nenosiri amelibadilisha ndani ya seva, laptop bado inalijua la zamani peke yake. Ataifungua kwa la zamani, kisha Windows itakuwa inalipeleka hilohilo huku na huko bila yeye kuona. Dawa: awashe VPN, asubiri iunganike, abonyeze Windows+L kufunga skrini, kisha afungue kwa nenosiri jipya. Tendo hilo dogo linailazimisha laptop kwenda kuuliza seva ya domeini na kuandika upya kumbukumbu yake. Baada ya hapo klist purge inafuta tiketi zilizobaki, na kila kitu kinaanza upya.

Usisahau simu ya mkononi. Barua pepe ya kazini iliyowekwa kwenye simu hubisha hodi kimyakimya mchana na usiku, na mwenye simu hukumbuka siku ya tatu.

Upande wa seva, ambako wengi hatuangalii

Credential Manager, ghala ambamo Windows huweka manenosiri yaliyohifadhiwa (ndilo cmdkey inalolisoma), si moja. Laptop ina yake, na profaili ya mtumiaji iliyoko kwenye seva ina yake. Tunasafisha ya kwanza, tunamwambia mtu jaribu tena, hali ni ileile, tunaanza kulaumu mtandao.

Ili kujua seva inatumia muda wapi, fungua Event Viewer juu ya seva hiyo, ingia Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, GroupPolicy, Operational. Tukio namba 8001 linakuambia sera za mtumiaji wakati wa kuingia zilichukua sekunde ngapi. Tukio 5016 linakuambia kila kipande kilichukua milisekunde ngapi. Ukitaka kujua alifika mlangoni saa ngapi, tazama 1149 chini ya TerminalServices-RemoteConnectionManager. Desktop ilianza lini, tazama 22 chini ya TerminalServices-LocalSessionManager. Lakini 1149 isome kwa tahadhari: maneno yake yanasema uthibitisho umefanikiwa, na hiyo ni kweli pale tu NLA (kuthibitishwa kabla skrini ya seva haijafunguka) inapotumika. Bila NLA maana yake ni kwamba mtu amefika kwenye skrini ya kuingia, basi.

Kwa mama mhasibu, 8001 ilionyesha zaidi ya dakika tatu, na karibu zote zilikuwa za kipande kimoja: Drive Maps, kile kinachounganisha draivu za mtandao. Nikamwomba asubiri mpaka desktop ifunguke, nikaingia kwenye sesheni yake kwa ruhusa yake, nikaandika cmdkey /list. Kulikuwa na mstari wenye jina la seva ya mafaili ya Mwanza, pamoja na jina lake la kuingilia. Siku nyingi nyuma draivu iliwahi kumgomea, mtu fulani akamsaidia kwa kuandika nenosiri na kuweka alama ya Remember my credentials. Tangu siku hiyo, Windows ilikuwa ikifika kwenye seva ile haitumii utambulisho alioingia nao. Inatoa kile kilichohifadhiwa. Nenosiri lilipobadilika, kila draivu kati ya tatu zilizoelekea Mwanza ilibisha kwa nenosiri lililokufa, kutoka Dar kwenda Mwanza, ikikataliwa na kurudia.

Tulichofanya ni hiki:

cmdkey /delete:jina-la-seva-ya-mafaili
net use

Amri ya pili inaonyesha draivu zilizopo. Tukafuta moja moja kwa net use S: /delete, kisha akatoka kabisa kwa Sign out na kuingia upya ili sera ziziunganishe zenyewe. Kwenye domeini hakuna haja ya kuhifadhi nenosiri la draivu hata kidogo. Utambulisho wa mtu unatosha. Ukiona draivu inadai nenosiri, tatizo ni ruhusa za folda au jina la seva, na huko ndiko pa kurekebisha. Na tafadhali usiandike net use * /delete wakati mtu amefungua programu ya uhasibu. Itamkatia mafaili yaliyo wazi.

Halafu kuna sesheni zilizoachwa. Watu wengi hufunga dirisha kwa kubofya ile X wakidhani wametoka. Hawajatoka, sesheni inabaki ikiishi kwenye seva, pamoja na programu zake zote na utambulisho wa zamani. Tiketi za Kerberos kwa mpangilio wa kawaida huishi saa 10 na zinaweza kuhuishwa hadi siku 7, baada ya hapo sesheni ile itataka tiketi mpya kwa nenosiri ambalo halipo tena. Tazama:

quser /server:jina-la-seva

Ukiona jina lake likiwa Disc na siku kadhaa za ukimya, mpigie kwanza umuulize kama aliacha kazi ambayo hajaihifadhi. Akikuruhusu, logoff ikifuatwa na namba ya sesheni. Fanya hivyo kwenye kila seva anayowahi kuingia. Mara moja nilihangaika siku mbili kwa sesheni iliyokuwa imelala kwenye seva ya majaribio ambayo hata mwenyewe alikuwa ameisahau. Baadaye niliweka kikomo kwa Group Policy: sesheni iliyokatika ikikaa kwa muda wa saa tatu bila mwenyewe kurudi, inafungwa.

Kazi za ratiba na huduma zinazoendeshwa kwa jina la mtu nazo zitazame, kwa schtasks /query /v na kwenye safu ya Log On As katika Services. Hapo hakuna maelezo mengi. Kazi ya seva iendeshwe kwa akaunti ya huduma, isiendeshwe kwa akaunti ya mtu.

Ukimkosa mwizi, nenda kwa seva ya domeini

Andika netdom query fsmo ujue ni seva ipi ya domeini yenye kazi ya PDC, yaani kiongozi wa wenzake. Hiyo ndiyo inayopelekewa kila badiliko la nenosiri mara moja, na ndiyo inayoulizwa pale seva nyingine ya domeini inapoona nenosiri halifanani na ililonalo. Kwenye logi yake ya Security tafuta 4740 kama akaunti inafungwa. Sehemu ya Caller Computer Name inakupa mashine inayobisha. Kama haifungwi, tafuta 4771 yenye kodi 0x18, au 4776 yenye kodi 0xC000006A. Zote zinamaanisha nenosiri baya. Ya kwanza inatoa anwani ya IP, ya pili jina la mashine. Hakikisha tu ukaguzi wa makosa umewashwa, la sivyo logi itakuwa tupu na utadhani hakuna kitu. Kwa mama, 4776 zilikuwa zimepangana, na jina la mashine lilikuwa la seva yetu wenyewe ya Remote Desktop. Hilo pekee lingetosha kuniambia niache kuchimba kwenye laptop.

Kwenye tawi lenye seva yake ya domeini, kuna namna nyingine ya kukwama. Seva ya Mwanza inaletewa nenosiri jipya ambalo bado haijalipata, kwa hiyo inaiuliza PDC ya Dar. Laini ikiwa nzito, mtu anasubiri. Laini ikiwa imekatika, au mtu aliwahi kuweka AvoidPdcOnWan (inayoizuia seva kuiuliza PDC ya mbali) kuwa 1 kwenye rejista ya Windows, jipya linakataliwa mpaka seva zinakiliane, na kati ya matawi muda wa kawaida wa kunakiliana ni dakika 180. Punguza hadi 15 kwenye Active Directory Sites and Services. Ukitaka kujua kama kunakiliana kunafanyika kweli, repadmin /replsummary.

Ukiwa huko, hakikisha mtandao wa VPN umeandikwa kwenye orodha ya Subnets, inayoonyesha kila mtandao ni wa ofisi ipi. Wetu haukuwemo. Laptop za Tunduma zilikuwa zinachagua seva ya domeini yoyote, mara nyingine ile ya Mwanza, ombi likizunguka nchi nzima ili kumruhusu mtu aingie Dar. Amri ya nltest /dsgetsite juu ya laptop itakuambia inajiona iko wapi.

Vitu viwili vya mwisho navitazama kila mara kwa sababu vinajificha nyuma ya badiliko la nenosiri. DNS, inayogeuza majina ya mashine kuwa namba za IP: kadi ya mtandao ya seva, au ya laptop iliyo kwenye domeini, isiwe na 8.8.8.8 (DNS ya umma ya Google) kama DNS ya pili. Ile haijui domeini yenu, na siku Windows ikiamua kuiuliza hiyo, mtu atazungushwa. Weka DNS za ndani peke yake, na za nje ziwe kwenye Forwarders za DNS hizo za ndani. Saa: Kerberos haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Matawini umeme hukatika, na kompyuta ya mezani yenye betri iliyokufa kwenye ubao wake huamka ikiwa na tarehe ya zamani. Tazama kwa w32tm /query /status, rekebisha kwa w32tm /resync, kisha nunua betri ile ya duara; ni kitu kidogo sana kwa usumbufu inaouzuia.

Tulichobadilisha baadaye

Mama mhasibu aliingia kwa sekunde kumi na tisa. Nilipima kwa simu naye akihesabu kwa sauti upande wa pili. Ila nilijua tarehe ya mateso mengine ilikuwa inakuja, kwa sababu domeini yetu ilikuwa bado na mpangilio wa kuzaliwa nao, wa kumlazimisha kila mtu kubadilisha nenosiri kila baada ya siku 42.

Nilikwenda kwa bosi na hoja mbili. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017 ulisema manenosiri yasibadilishwe kwa kalenda, yabadilishwe panapokuwa na dalili kwamba yamevuja. Mwaka 2019 Microsoft nao wakaondoa kikomo cha muda kwenye mapendekezo yao ya usalama ya Windows. Naamini kabisa kwamba kumbadilishia mtu nenosiri mara nane au tisa kwa mwaka kunamfundisha kuandika Mwanza1, Mwanza2, Mwanza3. Tulikubaliana: nenosiri refu, uthibitisho wa pili kwenye VPN, na badiliko mara moja kwa mwaka.

Kwa siku hiyo moja, kila tawi lina karatasi ukutani yenye utaratibu huu. Funga kazi zako na utoke kwa Sign out kwenye seva zote. Ingia upya kwenye seva ya uhasibu, bonyeza Ctrl+Alt+End, badilisha nenosiri hapo, kwa kuwa siri zako nyingi zimehifadhiwa hapo. Usisubiri muda uishe, maana lililoisha muda haliwezi kubadilishwa kupitia Remote Desktop yenye NLA. Toka tena. VPN ikiwa imewaka, funga laptop kwa Windows+L, ifungue kwa jipya. Badilisha kwenye simu. Fanya haya asubuhi ya Jumanne au Jumatano, usifanye Ijumaa jioni. Chini kabisa nimeandika namba yangu.